Kuandaa picha za tovuti: kutoka kwenye simu hadi kwenye ukurasa unaofunguka haraka

Kila nikimkabidhi mtu tovuti yake mpya, haipiti wiki simu inaita. "Mbona imekuwa nzito? Juzi ilikuwa inafunguka vizuri." Naingia, nakuta picha 20 zimepakiwa kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja MB 4. Ishirini mara nne ni MB 80. Mgeni mwenye intaneti ya Mbps 4 (megabiti 4 kwa sekunde, na MB moja ni megabiti 8) atasubiri dakika mbili na sekunde arobaini mpaka zote zishuke, na kama anatumia bando la siku, umemla bando kabla hajaona hata bei ya chumba. Hasubiri. Anafunga na kwenda kwa jirani.

Maswali mengine nayo ni yale yale. Logo ina boksi jeupe nyuma yake. Picha imelala ubavu. Picha inaonekana kwenye laptop lakini mtandaoni haipo. Nimeyajibu moja moja kwenye WhatsApp mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa.

Mfano nitakaoutumia ni nyumba ya wageni yenye vyumba 8 pale Pangani, kwa sababu kazi ya aina hiyo ina kila kitu: picha za vyumba, picha ya bahari, logo iliyotengenezwa na mchapaji, orodha ya bei na ramani ya kufika. Kama wewe unauza vitenge au unaendesha shule, hatua ni hizi hizi.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Picha asili, yaani faili yenyewe iliyotoka kwenye kamera au simu. Iliyopita kwenye magrupu siyo asili tena.
- Kompyuta, hata ya zamani. Kwa simu inawezekana, ila kwa picha zaidi ya tano utajuta.
- GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Photoshop kama unayo ni sawa, lakini usinunue kwa ajili ya kazi hii.
- Squoosh, iliyo kwenye anwani ya squoosh.app. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, na picha zako haziendi kwenye seva ya mtu. Ikishafunguka mara moja, hata mtandao ukikatika inaendelea.
- Folda mbili tupu. Moja iite *asili*, nyingine *tayari*.
- Karatasi yenye orodha ya picha unazohitaji na mahali zitakapokaa: ya juu kabisa ya ukurasa, za vyumba, vijipicha vya galari. Bila orodha hii utaandaa picha 60 na utumie 15.

Nadharia kidogo tu

Picha ina vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni idadi ya pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyoiunda picha, mfano 4000 kwa 3000. Cha pili ni uzito wa faili, mfano MB 4. Kupunguza pikseli kunapunguza uzito, lakini unaweza pia kupunguza uzito bila kugusa pikseli, kwa kuibana faili. Tovuti inahitaji vyote viwili, na kwa mpangilio huo: pikseli kwanza, kubana baadaye.

Kwa nini usibane tu ukaacha pikseli zilivyo? Kwa sababu simu ya mgeni lazima iifungue picha ndani ya memori yake ndipo iionyeshe. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, kila moja inachukua baiti 4, jumla MB 48 za memori kwa picha moja, hata kama faili uliibana mpaka KB 300. Weka kumi ukurasa mmoja halafu umpe mwenye simu ya bei nafuu aiteremshe.

Na hii ya "DPI 72 kwa ajili ya mtandao", isahau. DPI, yaani vidoti kwa kila inchi, ni maagizo kwa printa. Kivinjari hakiisomi. Picha ya pikseli 1200 yenye DPI 72 na ile ile yenye DPI 300 zinaonekana sawasawa kwenye skrini.

Hatua kwa hatua

1. Pata picha asili

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia, kabla hata hatujafungua programu. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza pikseli na kuibana. Mpokeaji anapata picha yenye ukungu kwenye majani, kwenye nyavu za chandarua, kwenye mawimbi. Ukija kuibana tena kwa ajili ya tovuti, unabana kilichokwisha kubanwa.

Mwambie mpiga picha atume *kama dokumenti*. Anabonyeza alama ya kiambatisho, anachagua dokumenti badala ya galari, anaitafuta picha huko. Faili inafika ilivyo. Njia nyingine ni waya wa USB au Google Drive.

Kama anatumia iPhone, picha zinaweza kuja na mkia wa .heic, ambao vivinjari vingi havionyeshi. GIMP inazifungua, utazitoa kwa fomati nyingine, yaani aina nyingine ya faili. Kama bado hajapiga, aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", achague "Most Compatible", simu itatoa JPEG.

Na kama ndiyo unakwenda kupiga mwenyewe: futa lenzi kwa kitambaa. Sitanii. Nusu ya picha "zenye ukungu" nilizowahi kuletewa zilikuwa na mafuta ya kidole. Laza simu, kwa sababu nafasi nyingi za tovuti ni za ulalo. Kwa Pangani, bahari iko mashariki, kwa hiyo chumba kinachotazama bahari usikipige asubuhi ukielekea dirishani: jua linaingia moja kwa moja, dirisha linageuka doa jeupe na kitanda kinakuwa kiza. Nenda alasiri.

2. Weka nakala, kisha chagua

Picha zote ziingie kwenye folda ya *asili*. Humo hutahariri chochote, milele. Kila unachofanya unakifanya kwenye nakala. JPEG inapoteza kitu kila unapoihifadhi upya, na ukishaipunguza hadi pikseli 800 hairudi 4000. Siku mwenye nyumba akitaka kuchapisha bango la barabarani, atakuja kuiomba picha kubwa, na wewe ndiye utakayekuwa nayo au utakayeona aibu.

Halafu chuja bila huruma. Chumba kimoja kinatosha na picha tatu: kitanda, bafu, kinachoonekana dirishani. Picha nne za kitanda kile kile kutoka pembe nne hazimwambii mgeni kitu kipya.

3. Nyoosha, kata

Mstari wa bahari ukiwa umeinama, jicho linaona kitu hakiko sawa hata kama mtazamaji hawezi kusema ni nini. Tumia kifaa cha kuzungusha kwenye GIMP, digrii moja au mbili kawaida zinatosha.

Kisha kata. Ondoa kamba ya nguo, ndoo, nusu ya mtu aliyepita. La maana zaidi: picha zinazokaa kundi moja zikatwe kwa uwiano mmoja. Vyumba vyote 8 viwe 3 kwa 2, au vyote 4 kwa 3, chagua moja. Ukichanganya, visanduku vya vyumba vitapanda na kushuka kama ngazi, na utamlaumu aliyetengeneza tovuti.

Picha kubwa ya juu ina tabia yake. Kwenye kompyuta inaonekana pana na fupi, kwenye simu inakatwa pembeni ikabaki katikati tu. Kwa hiyo kitu muhimu, tuseme mashua, kiwe karibu na katikati. Ukikiweka ukingoni kwa ajili ya urembo, wenye simu wataona maji matupu.

4. Mwanga na rangi, kidogo

Ongeza mwanga kidogo kama chumba ni kiza, basi. Usiyafanye maji ya mto Pangani yawe ya buluu kama ya Maldivi. Mgeni atafika, atayaona yalivyo, na atayaandika alivyoyaona.

5. Punguza upana

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii.

Vipimo ninavyotumia mimi:

- Picha kubwa ya juu inayojaza skrini: upana pikseli 1920. Kama wateja wako wengi ni wa simu, 1600 inatosha.
- Picha ndani ya ukurasa, kama za vyumba: 1200.
- Vijipicha vya galari: 600.
- Picha ya mtu, mfano meneja au mpishi: 400 kwa 400.

Utauliza, kama kijipicha kinaonekana kwa upana wa 300, kwa nini 600? Kwa sababu skrini za simu nyingi za sasa zinasongamanisha pikseli mbili au tatu kwenye nafasi ambayo tovuti inaihesabu kuwa moja. Ukitoa 300 kamili, picha inaonekana laini kama imepigwa kwenye moshi. Mara mbili inatosha, mara tatu macho hayaoni tofauti.

Kwenye GIMP: fungua picha, ingia "Image", kisha "Scale Image". Andika upana tu. Angalia ile alama ya mnyororo kati ya upana na urefu iwe imefungwa, la sivyo utapata kitanda kilichonenepa au mpishi aliyerefuka. Urefu utajijaza wenyewe.

*Onyo:* kupunguza ni sawa, kukuza hapana. Picha ya pikseli 500 ukiilazimisha iwe 1600 haipati maelezo mapya, inapata ukungu na uzito. Kama picha asili ni ndogo, itumie mahali padogo au kaipige upya.

6. Chagua fomati

Picha ya kamera: WebP. Kwa vipimo vya Google, walioitoa mwaka 2010, faili yake huwa ndogo kuliko JPEG ya ubora huo huo kwa 25 hadi 34%. Zamani tulikuwa tunaiogopa kwa sababu Safari haikuifungua, lakini Safari 14 ilipotoka mwaka 2020 hofu hiyo iliisha. AVIF inabana zaidi tena, ila inachukua muda kuitengeneza, na vivinjari vya zamani kidogo haviijui. Anza na WebP. Kama mfumo wako unaikataa, JPEG haijafa.

Picha ya skrini au mchoro wenye maandishi na rangi chache bapa: PNG. JPEG inaacha vumbi vumbi kuzunguka herufi.

Logo: SVG, au PNG ikishindikana. Nitaieleza peke yake hapo chini.

GIF iache. Ina rangi 256 tu na video fupi ya sekunde tano ndani yake inaweza kuzidi uzito wa picha zako zote ukizijumlisha.

7. Bana

Ivute picha iliyokwisha kupunguzwa uiachie juu ya Squoosh. Upande wa kulia chagua WebP, ubora weka 75. Kuna mstari katikati unaouvuta kushoto na kulia kulinganisha kabla na baada. Usiangalie anga, anga huwa zuri siku zote. Angalia sehemu zenye vitu vidogo: makuti, chandarua, maandishi ya kibao, sura za watu. Zikiwa safi, shuka hadi 70. Zikianza kuchafuka, panda hadi 80. Zaidi ya 85 unaongeza uzito bila kuongeza kitu.

Malengo yangu: picha kubwa ya juu isizidi KB 200, za ndani KB 100, vijipicha KB 40. Picha yenye majani mengi au mchanga itakataa kufika hapo. Usiivunje kwa ajili ya namba, iache iwe KB 150. Ya ukuta mweupe na shuka nyeupe itashuka hadi KB 50 bila kulalamika.

Kama unahifadhi kutoka GIMP yenyewe, tumia "Export As" siyo "Save". "Save" inatoa faili ya .xcf ambayo kivinjari hakiifahamu, na mtu mmoja aliwahi kunitumia 30 za hizo.

8. Ondoa taarifa zilizofichika

Picha ya simu inabeba ndani yake tarehe, aina ya simu, na mara nyingi mahali ilipopigwa kwa GPS. Kwa nyumba ya wageni siyo siri, unataka wajue ulipo. Lakini kama ni fundi cherehani anayepiga gauni zake sebuleni kwake, umewapa watu wasiomjua njia mpaka mlangoni. Squoosh inaziondoa bila kuambiwa. GIMP, wakati wa "Export", ina visanduku vya Exif na XMP: viondolee alama.

9. Ipe jina

*IMG_20240817_164502.jpg* haimsaidii mtu. Wala *Picha Mpya ya Chumba (2) FINAL.JPG*. Andika *chumba-watu-wawili-baharini.webp*. Herufi ndogo zote, kistari badala ya nafasi, bila mabano.

Hili la herufi ndogo siyo urembo. Windows haitofautishi *Bahari.JPG* na *bahari.jpg*. Seva nyingi za tovuti zinatumia Linux, na Linux inaziona kuwa faili mbili tofauti kabisa. Ndiyo sababu ya ile "kwenye laptop yangu inaonekana!"

10. Pakia na uandike maelezo yake

Kama unaandika msimbo mwenyewe, mstari mmoja unaonekana hivi:

`<img src="/picha/chumba-watu-wawili-baharini.webp" alt="Chumba cha watu wawili chenye chandarua na dirisha linalotazama bahari" width="1200" height="800" loading="lazy">`

Sehemu ya *alt* ni maelezo ya picha kwa asiyeiona: mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini, au yeyote ambaye mtandao umemkatikia njiani. Andika kilichopo, kama unavyomsimulia mtu kwa simu. Usiandike "picha", wala usirundike maneno ya kutafutwa na Google kama "hoteli Pangani lodge Pangani bei nafuu Pangani".

*Width* na *height* zinakiambia kivinjari kitenge nafasi mapema. Ukiziacha, ukurasa unaruka ruka picha zinaposhuka, na mgeni anayetaka kubonyeza "Weka nafasi" anajikuta amebonyeza kitu kingine.

*Loading="lazy"* inaiambia picha isubiri mpaka mtu aikaribie. Iweke kwenye picha za chini tu. Ile kubwa ya juu usiiwekee, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuonekana na utakuwa unaichelewesha bure.

Kwa WordPress ni rahisi zaidi: unapakia, unajaza kisanduku cha "Alt Text", mengine inayafanya yenyewe. Tangu toleo la 5.3 inapunguza pia picha zinazozidi pikseli 2560, ndiyo maana unaona majina yenye *-scaled*. Wengine wakisikia hivyo wanasema basi hakuna haja ya kuandaa. Ipo. Pikseli 2560 bado ni nyingi, na ile faili asili ya MB 4 inabaki kwenye seva ikila nafasi unayoilipia.

11. Fungua kwa simu, na kwa data

Siyo kwa Wi-Fi ya ofisini. Zima Wi-Fi, fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha ili usionyeshwe kilichohifadhiwa, hesabu sekunde. Bora zaidi, omba simu ya mtu mwenye kifaa cha kawaida.

Logo, bei na ramani

Logo ndiyo inayonipotezea muda kuliko picha zote. Mteja anasema "logo ninayo", halafu ananitumia picha aliyoipiga ya kadi yake ya biashara, kidole gumba kikionekana.

Rudi kwa mchapaji aliyeitengeneza. Wachapaji wetu wengi wanatumia CorelDRAW, kwa hiyo muombe atoe SVG au PDF kutoka kwenye faili yake ya .cdr. Hizo ni vekta: zimehifadhi maumbo badala ya pikseli, na unaweza kuzikuza zikatosha ukuta bila kuharibika. Ukipata PDF, ikuze hadi 400%. Kingo zikibaki kali, umepata vekta. Zikitoa ngazi ngazi, kakupa picha ya kawaida iliyovalishwa PDF. Rudi tena.

Fungua vekta hiyo kwenye Inkscape, programu ya michoro ambayo nayo ni bure, chagua maandishi yote, ingia "Path" kisha "Object to Path". Hii inageuza herufi kuwa maumbo. Usipofanya hivyo, mgeni asiye na fonti hiyo ataona jina la biashara yako kwa fonti nyingine kabisa. Kisha hifadhi kama "Plain SVG". Kumbuka WordPress yenyewe inakataa SVG kwa sababu faili hizo zinaweza kubebeshwa msimbo mbaya. Ikikukatalia, usihangaike na njia za kuikwepa, toa PNG ya upana wa 600 utumie hiyo.

Kama huna namna ila JPEG yenye boksi jeupe: ifungue kwenye GIMP, "Layer", "Transparency", "Add Alpha Channel". Chukua kifaa cha "Fuzzy Select", bonyeza nyeupe ya nje, futa, toa PNG. Usitumie kile cha kuchagua kwa rangi, maana kitafuta na nyeupe iliyo ndani ya logo, herufi nyeupe zote zigeuke matundu.

Orodha ya bei usiiweke kama picha. Najua bango ulilolipia ni zuri. Lakini kwenye simu herufi zinakuwa ndogo kama mchwa, Google haizisomi vizuri, na siku chumba kikipanda kutoka 60,000 hadi 70,000 itabidi umtafute tena mchoraji. Andika bei kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa. Bango peleka kwenye status.

Ramani ya kufika nayo usiipige picha ya skrini kutoka Google Maps. Weka kiungo kinachofungua ramani yenyewe, mgeni aliyeko upande wa Bweni aone mwenyewe kwamba inabidi avuke mto. Ukitaka ya kuchapa, tumia OpenStreetMap, na chini yake uandike kwamba ramani ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap.

Andaa pia picha moja ya pikseli 1200 kwa 630 kwa ajili ya kiungo kinapotumwa WhatsApp au Facebook. Hii iache iwe JPEG, mimi huiweka chini ya KB 300.

Picha si yako? Watu wamo?

Kuikuta kwenye Google siyo ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mpiga picha aliyepiga machweo yale ana haki ya kukudai. Wikimedia Commons, Unsplash na Pexels zina picha za kutumia bure. Za Commons nyingi zinataka utaje jina la mpigaji, kwa hiyo soma masharti chini ya kila picha.

Wageni wakionekana sura, waombe kabla hujapakia. Watoto, waombe wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama una vyumba 8, na kwa Kenya kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Ukiwa na picha 100

Moja moja utazeeka. Sakinisha ImageMagick, programu ya bure inayohariri picha kwa amri za kuandika, tengeneza folda ya *tayari* ndani ya nakala ya picha zako, fungua dirisha la amri hapo, andika:

`magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "1200x>" -format webp -quality 75 -strip *.jpg`

Alama ya > inamaanisha zile ambazo tayari ni ndogo zisikuzwe. *Onyo kubwa:* ukisahau *-path* na *-format*, mogrify inaandika juu ya faili zile zile ulizompa. Ndiyo maana nimesema ndani ya nakala.

Mambo yakienda kombo

*Picha imelala ubavu.* Simu haikuigeuza, iliandika tu ndani ya faili kwamba "igeuzwe", na ulipoondoa taarifa zilizofichika agizo likaenda nazo. Rudi kwenye asili, ifungue na GIMP, ikikuuliza kama igeuze kubali, kisha toa upya.

*Rangi zimefifia baada ya kutoa.* Hutokea sana kwa picha za iPhone, ambazo hupigwa kwa wigo mpana wa rangi. Ukiondoa maelezo ya rangi kabla ya kuzigeuza, kivinjari kinazisoma vibaya. Kwenye GIMP geuza kwanza kuwa sRGB, wigo wa rangi wa kawaida wa mtandao, ndani ya "Image" na "Color Management". Ile amri ya ImageMagick ya hapo juu ina tatizo hili hili, kwa hiyo ijaribu na picha moja ya iPhone kabla ya kuziachia 100.

*Logo ina rangi ya ajabu, kijani kimekuwa cha neoni.* Mchapaji amekupa faili ya CMYK, rangi za wino. Muombe RGB, rangi za skrini.

*Nimebadilisha picha lakini inaonekana ya zamani.* Kivinjari kimehifadhi ile ya kwanza. Bonyeza Ctrl na F5. Ikirekebika kwako, wageni wako bado wana ya zamani, kwa hiyo ipakie mpya kwa jina jipya, mfano *bahari-2.webp*.

*Kisanduku kitupu chenye maandishi tu.* Jina halilingani. Linganisha herufi kwa herufi, pamoja na mkia: .jpg na .jpeg ni tofauti. Na kubadilisha mkia kwa mkono kutoka .heic kuwa .jpg hakubadilishi kilichomo ndani.

*Nimebana lakini faili imekuwa kubwa kuliko ya mwanzo.* Ama umeihifadhi picha ya kamera kama PNG, ama umebana kitu kilichokwisha kubanwa kwa ubora wa juu zaidi. Angalia fomati, shusha ubora, na uanze na ya kwenye folda ya *asili*.

*Picha ni nyepesi, ukurasa bado unakawia.* Basi kosa si la picha. Angalia video inayojichezesha yenyewe hapo juu, ile ya drone aliyoileta shemeji yake mwenye nyumba.